Mlima Haupandwi kwa Idadi ya Gia

Kibandiko kwenye fremu ya baiskeli ya mlimani hutangaza gia 18, 21 au 24. Muuzaji huanza na namba hiyo, na mnunuzi huilipia. Kumbe ni hesabu ya kuzidisha tu: sproketi 3 za mbele mara 7 za nyuma ni 21. Haisemi lolote kuhusu mlima. Ipo baiskeli ya gia 12 itakayokufikisha kileleni ukiwa umekaa kitini, na ipo ya gia 21 itakayokushusha njiani uisukume kwa mikono. Kinachoamua ni gia moja peke yake, ile iliyo nyepesi kuliko zote, na iwapo inalingana na mlima unaoupanda.

Gia 21 ambazo kwa kweli ni 14

Gia hupatikana kwa kugawanya meno ya sproketi ya mbele kwa meno ya sproketi ya nyuma. Mbele 42 na nyuma 14, jibu ni 3: pedali ikizunguka mara moja, gurudumu la nyuma linazunguka mara tatu. Hiyo ni gia nzito, ya tambarare na mteremko. Mbele 24 na nyuma 28, jibu ni 0.86: pedali inamaliza mzunguko wake, gurudumu bado halijamaliza. Hiyo ni gia nyepesi, ya kupandia. Jibu likipungua, mguu unapata nafuu na mwendo unapungua pamoja nao. Gia haikuongezei nguvu hata chembe. Inachofanya ni kuigawa kazi ileile katika vipande vidogo ambavyo mguu unaviweza.

Baiskeli nyingi za bei nafuu, mpya na za mtumba, zina mpangilio huu: mbele meno 42, 34 na 24, nyuma 14, 16, 18, 20, 22, 24 na 28. Zigawanye zote 21, uyapange majibu kwa mstari, utakuta mengi yanarudiana. 42 kwa 28 ni 1.5, na 24 kwa 16 ni 1.5 vilevile. 34 kwa 28 ni 1.21, na 24 kwa 20 ni 1.2, tofauti ambayo mguu hauwezi kuihisi. Ukiondoa zinazofanana zinabaki kama 14. Tena iliyo nzito kabisa inaizidi iliyo nyepesi kabisa mara 3.5 tu.

Mwaka 2016 kampuni ya SRAM ilitoa kaseti ya sproketi 12, ndogo ikiwa na meno 10 na kubwa meno 50. Shimano ikafuata mwaka 2018 na ya meno 10 hadi 51. Kaseti hizi hutumika na sproketi moja tu mbele, kwa hiyo gia ni 12 na hakuna iliyo pacha wa mwenzake. Upana wa ile ya Shimano ni mara 5.1. Aliyenunua gia 21 alinunua namba kubwa na uwezo mdogo.

Kila mzunguko ni kidato

Kugawanya meno hakutoshi, kwa kuwa magurudumu nayo hayalingani. Tairi la inchi 26 la baiskeli ya mlimani likizunguka mara moja husogea kama mita 2.07, la inchi 29 husogea kama mita 2.3. Zidisha jibu lako la mgawanyo kwa namba hiyo, upate umbali ambao baiskeli inasogea kwa mzunguko mmoja wa pedali. Kwa 24 kwa 28 kwenye tairi la inchi 26, ni mita 1.77.

Umbali huo ukishaujua, ni rahisi kuugeuza kuwa kimo. Mwinuko wa asilimia 10 maana yake ni kwamba kwa kila mita 10 unazosonga mbele, unapanda mita 1. Ukisonga mita 1.77 umepanda karibu sentimita 18. Kidato cha ngazi za nyumba kina kimo cha sentimita 17 hivi. Basi katika gia hiyo, kwenye mlima huo, kila mzunguko wa pedali unakupandisha kidato kimoja, wewe na baiskeli yako na chochote ulichobeba. Mtu mwenye afya njema anaweza kupanda vidato vya namna hiyo kwa muda mrefu, mradi asiharakishwe.

Lete sasa ile baiskeli ya chuma, Black Mamba, iliyobeba mkaa, maziwa na ndizi katika Afrika Mashariki kwa vizazi. Tuseme mbele ina meno 48, nyuma 20, na magurudumu ya inchi 28 yanayosogea mita 2.2. Mzunguko mmoja wa pedali unaipeleka mita 5.3. Kwenye tambarare ni raha tupu. Kwenye mwinuko wa asilimia 10, mzunguko huohuo unadai upande sentimita 53, vidato vitatu kwa mkupuo mmoja.

Tufuatilie hesabu hiyo hadi kwenye mguu. Mpandaji ana kilo 70, baiskeli kilo 20, barabara ni ya vumbi. Msukumo unaohitajika kwenye pedali, kwa wastani wa mzunguko mzima, ni sawa na uzito wa kilo 53 hivi. Lakini mguu hausukumi mzunguko mzima; nguvu yake iko pedali inaposhuka. Kwa hiyo katikati ya kushuka msukumo unapita kilo 80. Mwenye kilo 70 akisimama juu ya pedali na uzito wake wote, hautoshi. Inambidi avute usukani kwa mikono ili ajikandamize chini. Anaweza kufanya hivyo kwa mita kadhaa, kisha atashuka. Wanaosukuma baiskeli zao milimani si wavivu. Wameshindwa na meno 48.

Ndiyo sababu huko Burundi, kwenye barabara zinazoporomoka kutoka milimani hadi Bujumbura, vijana wanaobeba ndizi hushuka na mizigo kwa kasi ya kutisha, kisha kurudi juu wakiwa wameshika nyuma ya malori. Gia nyepesi hawana, wanaiazima kwa dereva wa lori, na bei yake wakati mwingine huwa maisha.

Mlima wako ni upi?

Barabara ya lami kutoka Mombo hadi Lushoto, katika Usambara, ina kilomita zipatazo 33 na inapanda karibu mita elfu moja. Gawanya, utapata wastani wa asilimia 3. Kwa gia ya mita 1.77, mzunguko mmoja unakupandisha sentimita 5 tu. Mtu akiangalia wastani huo atasema baiskeli yoyote ya gia itafika, naye atakuwa sahihi kuhusu lami. Lakini watu hawaji Usambara na baiskeli ya mlimani kwa ajili ya lami. Wanakuja kwa njia za udongo zinazounganisha vijiji juu ya Lushoto, ambako kona moja inaweza kuwa na asilimia 12 na inayofuata 15. Pale kwenye 15, ile gia ya mita 1.77 inadai sentimita 27 kwa kila mzunguko.

Usichague gia kwa wastani wa safari. Chagua kwa kipande kikali ambacho utakipita mara kwa mara na ambapo hutaki kushuka. Kukipima ni rahisi. Chukua ubao wa mita moja na pima maji ya fundi mwashi. Weka ncha moja ya ubao barabarani upande wa juu wa mlima, inua ncha ya pili mpaka pima maji ikae sawa, kisha pima nafasi kati ya ncha hiyo na ardhi. Sentimita 12 ni asilimia 12. Usipokuwa na ubao, ramani ya simu inayoonyesha kimo itakupa makadirio: toa kimo cha chini kwenye kimo cha juu, gawanya kwa urefu wa njia. Udongo mgumu wenye vumbi uhesabu kama umeongeza asilimia 2 ya mwinuko. Mchanga na tope huongeza zaidi.

Baada ya hapo kanuni ni fupi. Gawanya 17 kwa asilimia ya mwinuko, na jibu litakuwa umbali wa mita ambao gia yako nyepesi kabisa isiuzidi. Kwa asilimia 10 ni mita 1.7. Kwa 12 ni mita 1.4. Anayebeba mzigo, au anayeanza mazoezi, atumie 14 badala ya 17. Mwenye miguu mizoefu anaweza kutumia 20.

Kwa nini kidato, na si zaidi? Chukua mpandaji wa kilo 70 juu ya baiskeli ya kilo 15, kwenye asilimia 10 ya vumbi, akizungusha pedali mara 60 kwa dakika. Gia ya mita 1.77 itamdai wati 177. Ya mita 1.46 itamdai 146, na ya mita 1.35 itamdai 135. Mtu asiye mwanamichezo hutoa wati 100 hivi kwa saa nzima; mwenye mazoezi anaweza kufika 200. Tofauti ya wati 40 inaonekana ndogo kwenye karatasi, lakini ndiyo inayotenganisha anayepumua na kuzungumza na anayehesabu nguzo za umeme akiomba iliyo mbele iwe ya mwisho. Gia ikiwa nzito zaidi, mpandaji hupunguza mizunguko: 50, 40, 30. Hapo mapafu yanapumzika kidogo, ila kila mkanyago unakuwa mzito na magoti ndiyo yanayobeba.

Aibu iliyodumu miaka 35

Kuna wanaoamini kwamba gia nyepesi ni za wanyonge. Wazo hilo lina historia, tena lina mtu. Mwanzoni mwa karne ya 20 huko Saint-Étienne, Ufaransa, Paul de Vivie, mhariri wa jarida la baiskeli aliyejiita Vélocio, alikuwa akipanda milima na kuhubiri kwamba mtu mmoja anahitaji gia kadhaa. Mwaka 1902 yalifanyika mashindano ya milimani, na Marthe Hesse, mwanamke aliyepanda baiskeli ya gia tatu, akamshinda Édouard Fischer, mwendeshaji wa mashindano aliyekuwa na gia moja. Henri Desgrange, ambaye mwaka uliofuata alianzisha Tour de France, hakushawishika. Aliandika kwamba vifaa hivyo vinawafaa waliovuka miaka 45. Vijana washinde kwa misuli.

Kwa kuwa mashindano yalikuwa yake, kanuni zilikuwa zake. Kwa miongo kadhaa waendeshaji wa Tour walifika chini ya Alpi, wakashuka, wakalifungua gurudumu la nyuma na kuligeuza, maana upande mmoja lilikuwa na sproketi ndogo ya tambarare na upande wa pili kubwa ya mlima. Vidole vilipigwa ganzi na baridi, muda ukaenda, na hakuna aliyekuwa imara zaidi kwa ajili ya hayo. Gia za kubadilisha wakati wa kwenda ziliruhusiwa mwaka 1937.

Baiskeli ya mlimani yenyewe ilizaliwa kwa kukataa aibu hiyo. Katika miaka ya 1970, vijana wa Marin County, California, walikuwa wakiteremka Mlima Tamalpais kwa baiskeli za zamani zenye matairi manene na gia moja. Kushuka kulikuwa starehe; kupanda kulikuwa kwa kusukuma au kwa gari. Mmoja wao, Gary Fisher, na wenzake walipozifunga gia nyingi, baiskeli ileile ikaweza kwenda juu. Mwenzao katika biashara, Tom Ritchey, alifika Rwanda mwaka 2005 na kuwaona wakulima wakisafirisha mazao kwa baiskeli za mbao na za gia moja katika nchi ya vilima. Alichobuni baadaye kwa ajili ya wakulima wa kahawa kilikuwa baiskeli ndefu ya mizigo, na aliifunga gia.

Kuipata gia nyepesi bila kununua baiskeli mpya

Anayemiliki ile ya meno 42, 34 na 24 ana njia rahisi. Kuna seti ya nyuma ya sproketi 7 ambayo sita za kwanza ni zilezile, 14 hadi 24, ila ya mwisho ina meno 34 badala ya 28. Mbele 24 kwa nyuma 34 ni 0.71, yaani mita 1.46 kwa mzunguko. Mlima uliokuwa unadai sentimita 18 sasa unadai 15 pungufu kidogo. Mwambie fundi mapema unachotaka, kwa sababu ana mambo mawili ya kuangalia. La kwanza ni mkono wa gia wa nyuma, ule unaohamisha cheni: lazima uwe wa kufikia meno 34. La pili ni urefu wa cheni. Cheni ikizungushwa kwenye sproketi kubwa ya mbele na kubwa ya nyuma bila kupita kwenye mkono wa gia, ibaki na pingili mbili za ziada. Ikiwa fupi, siku utakapoingiza kubwa kwa kubwa mkono wa gia utang'olewa.

Mwenye baiskeli ya sproketi moja mbele anabadilisha hiyo moja. Kutoka meno 32 kwenda 30, gia zote zinakuwa nyepesi kwa asilimia 6. Mbele 30 kwa nyuma 51, tairi la inchi 29, ni mita 1.35. Anachopoteza ni mwendo wa juu, na hapotezi mengi: katika 30 kwa 10, akizungusha mara 90 kwa dakika, bado anakwenda kilomita 37 kwa saa. Njia ya mlimani inayoruhusu zaidi ya hapo ni ya mteremko, na kwenye mteremko hakuna haja ya kupiga pedali.

Asiyefaa kuigwa ni anayenunua kaseti ya 10 hadi 51 ili aifunge kwenye gurudumu la baiskeli ya zamani. Seti za zamani hufungwa kwa kukazwa kwenye nyuzi za habu, yaani kitovu cha gurudumu. Kaseti huvalishwa juu ya habu ya aina nyingine, na hizi za meno 10 zina habu zake maalumu. Utaishia kununua gurudumu, mkono wa gia, cheni na swichi, na bei itakaribia ile ya baiskeli.

Pole, lakini si pole mno

Mwenda pole hajikwai, wasema wahenga, ila hawakuwa wakiendesha baiskeli. Mwendo ukishuka chini ya kilomita 4 kwa saa, usukani unaanza kuyumba na mpandaji anatumia nguvu kuuweka sawa. Gia ya mita 1.35 kwa mizunguko 60 inakwenda kilomita 4.9 kwa saa, juu kidogo ya mpaka huo. Ya mita 0.9 ingekwenda kilomita 3.2, na mwenye kusukuma kwa miguu angekuwa sambamba nawe akipiga soga. Tena gia nyepesi mno kwenye kokoto hufanya gurudumu la nyuma lizunguke bila kushika. Hapo tiba ni kuongeza gia moja nzito na kukanyaga kwa mkandamizo laini usiokatika.

Mwili nao una kazi. Sogea mbele ya kiti, inamisha kifua, viwiko viingie chini. Uzito ukibaki nyuma, gurudumu la mbele linanyanyuka na baiskeli inapotea njia. Ukisimama na kuegemea mbele mno, la nyuma linakosa uzito na kuteleza. Kwenye udongo, aliyekaa hufika mara nyingi kuliko aliyesimama.

Badilisha kabla hujaihitaji

Cheni huhama vizuri ikiwa inazunguka na haijavutwa sana. Ukingoja mpaka mguu umekwama, unaiomba ihame wakati imekazwa kuliko wakati wowote, nayo itajibu kwa kugonga, kuruka au kukatika. Kwa mwenye sproketi tatu mbele, mpangilio ni huu: hamia ndogo ya mbele ukiwa bado kwenye tambarare, kabla mlima haujaanza, na wakati huohuo, kwa sproketi za nyuma, ongeza gia moja au mbili nzito ili miguu isizunguke bure. Baada ya hapo mlima wote ni kazi ya mkono wa kulia, sproketi moja nyuma kwa wakati mmoja. Kila unapobadilisha, legeza mguu kwa nusu mzunguko, kisha kanyaga tena. Epuka kutumia kubwa ya mbele na kubwa ya nyuma kwa pamoja. Cheni inakwenda kombo, inajisaga, na gia hiyo unayo mahali pengine katika orodha yako.

Cheni iliyochoka hufichuliwa na mlima kwanza. Pima pingili 24, pini hadi pini. Ikiwa mpya zina sentimita 30.5, zikifika 30.7, ibadilishe, vinginevyo itaimaliza seti ya nyuma pia, ambayo ni ghali kuliko cheni. Vumbi likichanganyika na mafuta husaga chuma, kwa hiyo futa cheni kwanza, ndipo utie mafuta kidogo, ufute ya ziada.

Kosa ninaloliona zaidi kwa waendeshaji wapya ni kuificha gia ya mwisho. Wanapanda na ya pili au ya tatu, wanatokwa jasho, na ukiwauliza wanasema ile ya kwanza ni ya akiba, ya pale pagumu zaidi. Wakifika hapo pagumu, tayari mapaja yameungua na gia nyepesi haiwezi kuwarudishia walichokwisha tumia. Ingiza nyepesi mapema, anza mlima pole kuliko unavyodhani inafaa, na ukifika theluthi ya mwisho bado una pumzi, hapo ongeza gia nzito moja. Cha kuwekea akiba ni miguu. Gia haipungui kwa kutumiwa.

Kileleni kazi hii inakwisha na nyingine inaanza. Katika kushuka, gia haina neno kubwa. Neno ni la breki.